Kabla fundi afungue injini ya boti, angalia propela

Mhariri, kuna mafundi hapa Nairobi wanaambia watu wenye boti Naivasha eti injini ndogo ikikosa nguvu suluhu ni kupanua kabureta ama kuchonga hedi (kifuniko cha juu cha injini), na hiyo inaniuma sana juu pesa ya mtu inaenda na injini inakufa mapema. Jamani Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, kwa hivyo ile ya nguvu ya farasi 15 ikifika huko inabaki kama 12 hivi, haijaharibika. Tena hewa ikipungua petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi, so jeti, yaani katundu ka kupitisha petroli kwa kabureta, inatakiwa iwe ndogo, si kubwa!

Lakini kitu kubwa ni propela. Ile ya kawaida huku juu inakuwa nzito kwa injini kuizungusha, injini haifikishi mizunguko yake, inalia tu na boti haiinuki. Weka yenye pichi (umbali propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) imepungua inchi 1, mizunguko inapanda kama 200 kwa dakika, na hata kama boti imebeba watu utaona tofauti. Majani yakijisokota kwa propela pia toa.

Mhariri, gazeti lina ukurasa wa magari kila wiki, tupeni hata nusu ukurasa wa injini za boti, wavuvi wanasoma pia.

Msomaji, Kayole, Nairobi