Shukrani kwa fundi wetu wa Malindi

Gari la spoti la ndugu yetu aliyeko Edmonton, Kanada, liligoma kuwaka kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Fundi mmoja wa hapa Malindi alimshika mkono kwa simu hadi usiku wa manane wa huku, asidai hata senti. Alimwelekeza hivi: kwanza achomeke kwenye umeme hita ya kupasha injini joto kwa muda wa saa nne, oili nzito ilainike. Ndipo aimwage, atie 0W-30, oili nyepesi isiyoganda upesi kwenye baridi. Kulanti, dawa ya kupozea injini isiyoganda, ichanganywe na maji, nusu kwa nusu. Betri ipimwe, maana baridi huinyong'onyeza. Matairi ya kiangazi yatoke yote manne, yaingie ya baridi: chini ya nyuzi 7 mpira hukakamaa, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huyumba vibaya. Limewaka. Fundi, Mola akulipe kheri na akuzidishie. Mafundi wengine, pokeeni simu kama hizi.