Anashika kikombe asichokitambua, msimwite mwongo

Mhariri,

Makala yenu ya afya kuhusu watu wanaojifanya vipofu imenichoma. Mwandishi wenu anasema ukitaka kumnasa anayejifanya, msogezee kitu. Akikipokea vizuri, basi anaona. Miaka yote nimesoma gazeti hili bila kuandika neno, ila hapo mmemuumiza mtu wangu.

Mdogo wangu alilala na jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa, kwenye baridi ya huku Mbeya. Tuliokoa uhai wake. Ukimwekea kikombe mezani leo ukamuuliza ni nini, atakutajia rangi tu. Mwambie akichukue: mkono unanyooka, vidole vinafunguka kwa kipimo cha kikombe kabla hajakigusa. Kwenye kliniki moja walimpima macho, wakayakuta mazima, wakaniita pembeni kuniambia anaigiza. Shemeji akaamini. Tangu hapo kila akikosea kutambua kitu anagombezwa, na makala yenu ameikata na kuibandika ukutani.

Haigizi! Mwaka 1988 mwanamke Mskoti aliyekuwa Italia, anayejulikana kitaalamu kama D.F., alivuta kaboni monoksidi, hewa ya sumu ile ile iliyomdhuru mdogo wangu. Watafiti wa ubongo Melvyn Goodale na David Milner walimpa kadi na kumwekea ubao wenye mwanya. Akiulizwa mwanya umesimama au umelala, hajui. Akiambiwa atumbukize kadi, anaigeuza mkono ukiwa bado njiani, inaingia. Walichapisha hayo mwaka 1991. Wakaeleza kwamba taarifa za macho zikitoka kisogoni hushika njia mbili: moja huelekea pembeni mwa ubongo, usawa wa masikio, nayo hutambua vitu, nyingine hupanda kuelekea utosini, nayo huongoza mkono. D.F. aliumia ya kwanza. Wapo walioumia ya pili, ambao kikombe wanakitambua lakini wakikifuata mkono unakwenda kando. Daktari Rezső Bálint wa Hungaria aliandika habari za mgonjwa mmoja wa aina hiyo tangu mwaka 1909.

Tena, habari za mkaa mnaziandika mtu akifa tu. Waliopona nusu hawana mwandishi, na wenye nyumba wanaendelea kupangisha vyumba vyenye kidirisha cha tofali moja.

Kliniki zikate mwanya kwenye boksi gumu, zimpe mgonjwa kadi, zimuulize kwanza, kisha zimwambie atumbukize. Nanyi chapeni masahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa zile zile, niyapeleke kwa shemeji.

Dada wa mgonjwa,
Mbeya