Kwa nini njia ya Jumamosi hubadilika Ijumaa jioni: chaki, gumegume na tope la Chilterns

Ndugu zetu mnaotoka London, Luton na Milton Keynes kuja kuendesha baiskeli nasi huku Princes Risborough, mji ulio chini ya vilima vya Chilterns, kusini mwa Uingereza, kuna swali mnaloniuliza karibu kila mwezi. Mtu anajiandikisha Jumatatu kwa safari ya misituni, halafu Ijumaa jioni anapata ujumbe wa WhatsApp kwamba tutapita kwingine. Dada mmoja aliniambia bila kuficha kwamba aliahidiwa misitu ya Turville, akaishia kwenye njia ya reli ya zamani iendayo Thame. Alikuwa na haki ya kulalamika. Kumjibu "ni hali ya hewa" hakutoshi, kwa hiyo leo naeleza vizuri.

Vilima vya Chilterns vinaanzia Mto Thames, pale Goring, na kupanda kuelekea kaskazini-mashariki hadi karibu na Luton na Hitchin. Si virefu. Kilele chake, Haddington Hill ndani ya msitu wa Wendover, kina mita 267 tu, na mtu wa Lushoto hatakubali kukiita mlima. Shida yake iko chini ya tairi.

Mwamba wa vilima hivi ni chaki, jiwe jeupe, laini, linaloacha alama ukilipitisha ubaoni. Chaki hunywa maji kama sifongo, ndiyo maana mabonde mengi huku hayana mto. Kwenye miteremko ambako chaki iko wazi, mvua ikinyesha juu yake hutokea utando mweupe kama uji mwepesi, na tairi linateleza kana kwamba limepakwa sabuni. Lakini siku mbili za upepo zinatosha kuikausha. Chaki yenyewe hainisumbui sana.

Kinachonisumbua ni kile kilicho juu yake. Kwenye migongo ya vilima, chaki imefunikwa na udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe. Huo haupitishi maji. Na hapo hapo ndipo ilipo misitu mnayoipenda, ya miti ya bichi yenye gome laini la kijivu, ambayo mafundi wa High Wycombe waliikata kwa vizazi vingi kuchonga miguu ya viti. Kivuli chake kinazuia jua, kwato za farasi zinaukanda udongo, na majani makavu yanafunika yote. Njia inaweza kuwa kavu kabisa bondeni huku juu msituni tope likifika nusu ya gurudumu. Wageni wengi hudhani tope liko chini na ukavu uko juu. Chilterns ni kinyume.

Ndani ya tope hilo kuna jiwe la gumegume. Ndiyo, gumegume lile lile la bunduki za kale, lililotoa cheche za kuwasha baruti. Brandon, kule Suffolk, kwenye mwamba huu huu wa chaki, mafundi walilichonga kwa ajili ya bunduki na likauzwa hadi Afrika. Likivunjika, ukingo wake ni mkali kama wembe. Wakulima hulimwaga kwenye mashimo ya njia ili kuzijaza, na plau huliibua upya kila mwaka.

Februari moja niliwapeleka watu sita juu, kijiji cha Christmas Common, siku ambayo sikupaswa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini asubuhi ile jua liliwaka nami nikajidanganya. Ndani ya nusu saa udongo ulikuwa umejaa kati ya tairi na fremu, magurudumu hayazunguki, watu wamebeba baiskeli mabegani. Kisha kijana mmoja akakanyaga gumegume lililojificha chini ya majani. Tairi lake likachanika ubavuni, urefu wa kidole gumba. Tukamtembeza hadi kwenye lami huku baridi ikimwingia mifupani. Tangu siku hiyo, Ijumaa mchana naenda mwenyewe juu nikatazame udongo kabla sijawaandikia.

Kuhusu matairi, naomba mnisikilize kama fundi wenu. Tairi jembamba la barabarani halifai hapa. Tunafunga la milimita 40 hadi 45, lisilo na tyubu, lenye dawa ya kuziba ndani. Dawa hiyo huziba tundu la mwiba kabla hujatambua. Mchaniko wa gumegume haiwezi: hapo unahitaji kizibo cha mpira, na ukiwa mpana, kipande cha tairi kuukuu cha kuweka kwa ndani, na tyubu ya akiba. Vitu hivi vitatu tunavikagua kwenye begi lako kabla ya kuondoka. Kama huna, tunavyo karakanani. Upepo nao msiujaze kupita kiasi. Mtu wa kilo 75 anatosheka na psi 30 hadi 35 (psi ni kipimo cha upepo kinachoonyeshwa kwenye pampu). Tairi gumu kama jiwe haliwezi kubonyea likikutana na ukingo mkali, kwa hiyo hukatika.

Udongo ukiwa mzuri, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Aprili hadi Oktoba, njia yetu kuu ni kama kilomita 45. Tunatoka kwa lami hadi Bledlow, kisha tunashika njia pana ya kale chini ya vilima, sehemu ya njia ndefu iitwayo Ridgeway, tukipita Chinnor penye machimbo ya chaki yaliyojaa maji ya buluu-kijani. Tunavuka chini ya barabara kuu ya M40, ghafla kelele zinakwisha, na mbele ni Watlington. Hapo tunapanda Christmas Common kwa gia ndogo, bila haraka. Mwewe wekundu wanazunguka juu yetu. Walikuwa wametoweka huku hadi waliporudishwa kutoka Hispania kuanzia 1989. Msituni, mwanzoni mwa Mei, maua ya buluu hutandaa chini ya miti hadi macho yanapoishia. Tunashuka Turville, kijiji chenye kinu cha upepo kilimani, halafu tunarudi kupitia Ibstone na Stokenchurch. Binafsi, kama ningepewa saa moja tu ya kuendesha kwa mwaka, ningeitumia kati ya Christmas Common na Turville.

Majira ya baridi tunakwenda kwenye barabara za mawe za msitu wa Wendover, ambazo hubeba malori ya magogo na hazizami. Mvua ikizidi, tunakwenda Thame kwa Phoenix Trail, ile reli ya zamani: tambarare, ngumu, salama kwa watoto.

Na jambo la sheria, maana wengine mnarudi wenyewe na ramani ya simu. Tazama mishale kwenye nguzo za njia: wa njano ni njia ya waendao kwa miguu, huna haki ya kuendesha hapo. Wa buluu ni njia ya farasi. Sheria ya mashambani ya 1968 inaruhusu baiskeli, ila lazima umpishe mwenye miguu na mwenye farasi. Zambarau na nyekundu ni ruksa pia. Kumbuka kuwa Ridgeway mashariki ya Thames ina vipande vingi vya mshale wa njano. Ukikaribia farasi kwa nyuma, punguza mwendo na usalimie kwa sauti ungali mbali. Farasi akisikia sauti ya mtu, hatishiki.

Treni ya kutoka stesheni ya Marylebone, London, inawaleta moja kwa moja. Ujumbe wangu huja Ijumaa saa moja usiku. Tafadhali usikate tiketi ya kwenda Wendover kabla hujausoma, kwa sababu tunaweza kuanzia Risborough.