Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: viatu vya gereza la Karanga tunavijua, watu je?

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Moshi. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Nakaa na ndugu wa washtakiwa nje ya mahakama na kuwaeleza kilichosemwa ndani. Nakuandikia kuhusu hesabu ya watu walio chini ya wizara yako, wa magerezani na wa vifungo vya nje, yaani wanaotumikia adhabu wakiwa uraiani.

Karandinga likiingia, akina mama husogea ukutani na vyombo vya chakula, wananyoosha shingo waone kama wa kwao kashuka. Kesi yenyewe haimalizi dakika tano. Upelelezi haujakamilika, inaombwa tarehe nyingine ya kutajwa. Aliye rumande haahirishiwi zaidi ya siku 15, sheria inafuatwa vizuri kabisa, na karandinga linaondoka na watu wale wale. Mama mmoja aliniuliza mwanawe kapigwa miaka mingapi. Nikamwambia hajahukumiwa bado. Akaniangalia kama nimemtania.

Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa karibu nusu ya watu wote walio magerezani nchini. Baadhi yao dhamana iko wazi, kinachokosekana ni mdhamini mwenye barua ya mtendaji. Na msamaha wa Rais hauwagusi, kwa sababu hawana hukumu ya kusamehewa. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533, nchi nzima ikaijua idadi hiyo. Za mahabusu hazina sherehe, tunazisikia kwa kudokezwa.

Wa kifungo cha nje ndio hawasikiki kabisa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 2002, kwa makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka mitatu. Ni wangapi Kilimanjaro wanaitumikia leo? Uingereza na Wales magereza yana watu kama 87,000, na wanaosimamiwa na maafisa probesheni uraiani ni wengi kuliko hao. Idadi ya magerezani hutolewa kila wiki. Marekani, pamoja na sifa yake mbaya ya kufunga, walio nje chini ya uangalizi ni wengi kuliko walio ndani. Sisemi tuige. Kifungo cha nje kinaweza kugeuka kokoro, kikakusanya hata wale ambao zamani wangeonywa na kwenda nyumbani. Ila bila namba hatutajua kama kinapunguza watu gerezani au kinaongeza tu foleni nyingine.

Jirani zetu Arusha, Mahakama ya Afrika ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Wangapi bado wako ndani kwa uzururaji? Namba zingetolewa, hilo nalo lingeonekana.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Gerezani watu huhesabiwa kila siku, daftari lipo. Toeni kila mwezi, kwa kila gereza: wafungwa wangapi, mahabusu wangapi na wamekaa muda gani; na kwa kila wilaya, wangapi wanatumikia nje. Ukitaja Karanga mtu atakusimulia kiwanda cha viatu, na kweli viatu ni vizuri, ninavyo. Basi anzeni na Karanga, kwa mwezi huu, na karatasi ibandikwe kwenye mbao za matangazo za mahakama, maana wanaoihitaji wengi hawana simu ya intaneti.

Wako,
Msaidizi wa kisheria, Moshi