Barua kwa mdogo wangu: wale wa 1948 usiwadharau

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Ottawa, Kanada. Baridi imeshaanza kung'ata, na sisi tuliokulia joto la Tanga hatuizoei hata tukae miaka mingapi. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu neno ulilolisema Jumapili limenikaa rohoni, na najua wako wengi wanaolisema. Nilikutumia picha za zamani za Barbara Ann Scott, binti wa mji huu, akiteleza na kucheza kwenye barafu katika Olimpiki. Ukanijibu: "Dada, huyu alipewa dhahabu kwa hiki? Watoto wa sasa wanazunguka mara tatu hewani."

Nisikilize kidogo.

Picha zile ni za St. Moritz, Uswisi, Februari 1948. Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa haijafanyika tangu 1936. Ya 1940 na ya 1944 zilimezwa na vita. Uswisi haikupigana, viwanja vyake vilikuwa vizima, ndipo dunia ikakusanyika huko, isipokuwa Ujerumani na Japani ambazo hazikualikwa. Waliofika, wengi walikuwa wametoka kwenye dhiki. Eva Pawlik aliyepata medali ya fedha alitoka Vienna, mji uliokuwa umegawanywa kati ya majeshi ya mataifa manne. Na wako ambao hawakufika kabisa. Cecilia Colledge wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1937. London ilipokuwa ikipigwa mabomu, yeye alikuwa akiendesha gari la wagonjwa. Miaka ya mchezaji haiwekwi ghalani ikangoja amani. Nikimfikiria huyu huwa nahuzunika kweli.

Sasa, kile ulichokiona kwenye picha kilikuwa asilimia 40 tu ya alama. Asilimia 60 zilitokana na kitu ambacho wapiga picha hawakukihangaikia: michoro ya lazima. Mchezaji anaingia peke yake kwenye barafu safi, hakuna muziki. Anajisukuma kwa mguu mmoja, anachora duara, anarudi palepale alipoanzia, anabadili mguu, anachora la pili. Hiyo ni nane. Kisha anapita juu ya mstari uleule tena, na tena. Akimaliza, majaji wanaingia barafuni, wanainama, wanaukagua ule mchirizi. Chuma cha kiatu kina makali mawili, la ndani na la nje. Mistari ikionekana miwili sambamba, maana yake alisimama juu ya makali yote mawili, na hilo ni kosa. Mabega yakiyumba kidogo tu, barafu inaeleza.

Mimi nimejaribu, mdogo wangu. Mwaka jana, alfajiri moja kabla watu hawajajaa, nilikwenda kwenye kiwanja cha barafu kilicho nje ya ukumbi wa jiji. Nilichora nane moja, kisha nikajaribu kuifuata. Nilipogeuka kutazama, mstari wa pili ulikuwa umeachana na wa kwanza kwa upana wa kiganja changu. Nilirudia mpaka miguu ikatetemeka. Tangu siku hiyo namheshimu kila aliyepita kwenye mtihani ule, na sijaridhika bado kwamba waliufuta kwenye mashindano makubwa baada ya 1990.

Halafu hiyo barafu yenyewe. Kiwanja cha St. Moritz kilikuwa nje, chini ya jua la milimani. Siku ya kucheza kwa muziki, timu za hoki zilikuwa zimeshakipitia na kukichimba. Mshindani aliyetangulia alimweleza Barbara Ann mashimo yako wapi, naye akapanga upya mahali pa kuruka na kuzunguka, dakika chache kabla ya kuitwa. Umri wake miaka 19. Ukiitazama ile picha tena utamwona anatabasamu.

Na kuruka unakokutaka kulikuwepo. Dick Button wa Marekani, kijana wa miaka 18, aliruka akiangalia mbele na kuzunguka mara mbili na nusu hewani, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwenye mashindano. Alikuwa amelifaulisha kwa mara ya kwanza jana yake tu, mazoezini. Akaamua kulitia hivyohivyo, akachukua dhahabu.

Lakini moyo wangu uko kwa yule binti. Baba yake alifariki 1941, akiwa bado msichana mdogo, na watu wa Ottawa ndio waliochanga ili aweze kwenda Ulaya mwaka 1947. Alirudi bingwa wa Ulaya na wa dunia. Jiji likampa gari la Buick, la njano. Wakubwa wa Olimpiki wakasema akilichukua si mchezaji wa ridhaa tena, yaani asiyecheza kwa malipo, na wakati ule Olimpiki ilikuwa ya hao tu. Akalirudisha. Akangoja mwaka mzima, akashinda St. Moritz, ndipo akapewa.

Ukija Desemba nitakupeleka ukumbi wa jiji, kuna chumba chenye jina lake na vitu vyake. Kisha tutatoka nje, nikukodie viatu, uchore nane moja. Leta soksi nzito, jozi mbili.

Dada yako