Barua kwa mwanangu: kamba ya Bobi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, pamoja na habari kwamba Ijumaa mnaondoka na Bobi kwenda hifadhini, kwamba mmeshalipia kibanda cha mbao kwa siku 3, na kwamba safari hii umekusudia kumwachia atembee bila kamba. Mengine yote yamenifurahisha. Hilo la mwisho limeninyima usingizi, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu, kwani kwenye simu utanijibu "sawa, mama" kabla sijafika nusu ya ninalotaka kusema.

Furaha ya mbwa huyu akiwa milimani siwezi kuikana. Ukigusa tu begi lako la mgongoni anaanza kulia kwa sauti ile nyembamba, kisha analala juu ya viatu vyako ili usiondoke bila yeye. Nakiri pia kuwa umemzoeza vizuri kuliko nilivyotarajia, maana nasikia kwenye vibanda vya watu analala mlangoni kwa adabu, ingawa hapa kwangu analala kwenye kochi na najua ni nani aliyemwanzisha. Lakini adabu ya ndani haimfuati porini, na pua yake ikishanasa harufu ya paa, hata jina lake mwenyewe halisikii.

Wewe hulichukulia sharti la kamba kama uonevu wa askari wa hifadhi. Hifadhi nyingi hazimpokei mbwa kabisa, na zinazompokea zina sababu ya kutaka afungwe: wanyama huyakimbia malisho yao kwa harufu yake tu, na maradhi yake huweza kuwaingia. Mwaka 1994 distempa, ambayo ni ugonjwa wa mbwa, iliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko. Kwa hiyo angalia tarehe ya chanjo zake kabla hamjaondoka. Cheti kimo kwenye droo ya chini, chini ya risiti za baba yako ambazo nimemwomba azipange tangu mwaka jana.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hukulipigia hesabu. Mbwa asiye na kamba hatembei njia mnayotembea ninyi. Hutangulia, hurudi kuwahesabu, huchepuka kichakani, hutangulia tena, hata kilomita zenu 10 zikawa kwake 20. Naye ana miaka 9 sasa. Mwili wake hupoa kwa kuhema, kwa kuwa jasho lake ni kidogo mno na hutoka kwenye nyayo tu, na joto lake la kawaida, ambalo ni kati ya nyuzi 38 na 39, likipita 40 ameshaingia hatarini. Hatakuambia amechoka, kwa sababu anaogopa kuachwa. Akiwa kwenye kamba, ukikaa naye atakaa, atakunywa maji uliyombebea, wala hatapata nafasi ya kulamba lile dimbwi lililotulia lenye utando wa kijani, ambalo huweza kumuua kabla hamjafika kwa daktari wa mifugo. Jioni mpapase kwapani, nyuma ya masikio na kati ya vidole, utafute kupe. Zabibu kavu na chokoleti zenu zining'inizwe juu, kwani kwake ni sumu.

Kibandani nako mfunge kamba kwanza, ndipo ufungue mlango, hasa usiku, kwa kuwa mbwa anayeamshwa na mlio wa mnyama mahali pageni hutoka mbio kabla mwenyewe hajaiona tochi iko wapi.

Ile siku aliyopotea hatuna cha kusimuliana, sote tulikuwepo. Ninalotaka kuongeza ni dogo tu: kifungio cha kamba hakikufunguka chenyewe. Ilisemwa kwamba hukukikaza, nawe ukanyamaza, na mimi nikaendelea kukoroga chai yangu. Basi ukiniona nang'ang'ania habari hii, usidhani ni maneno ya uzee peke yake.

Sikuzuii kwenda naye. Ningekuzuia ningekuwa namwadhibu yeye. Nimenunua kamba ndefu ya mita 10, ili pale hifadhi inaporuhusu apate kunusa na kuzunguka atakavyo nawe bado umemshika. Uifunge kwenye mkanda wake wa kifuani, si kwenye ukosi wa shingoni, maana akikurupuka urefu wote huo atajiumiza. Nimeitundika nyuma ya mlango wa jikoni, ule ambao bado haufungi vizuri, kwa hiyo usiusukume kwa nguvu. Baba yako anasema ataurekebisha kabla hamjarudi, nami nimemsikia.

Pitieni Alhamisi jioni muichukue, na uniletee bakuli langu la bati ambalo Bobi amekuwa akinywea maji safarini tangu mara ile. Nimelitafuta sana. Blanketi lake lile la zamani nimelifua, mlichukue pia, kwani vibanda vya milimani huwa na baridi sakafuni.

Ni mimi, mama yako.