Kamala hakustahili kufa kwenye jarida la mtu mwengine

Kwenu wahariri wa Marvel mnaochapisha katuni za Kamala Khan, shujaa aitwaye Ms. Marvel,

Assalamu alaykum. Nakuandikieni kutoka Wete, Pemba. Najua jambo lenyewe, kule kumuua Kamala, ni la 2023 lakini roho haijatulia, kwa hivyo leo nasema.

Mlipompa Kamala jarida lake 2014 sie huku tulimsoma kwenye simu, maana katuni za karatasi Pemba utazipata wapi, tukaona kitu hatujapata kuona: mtoto wa kike wa Kiislamu wa Jersey City, wazee wake Wapakistani, mama mkali, kaka kashika dini barabara, msikitini kuna Sheikh Abdullah anayemsikiliza na kumwambia atafute mwalimu, halafu huyohuyo anavaa nguo iliyotokana na burkini, ile nguo ya kuogelea ya stara, anatoka kupigana na wabaya. Kitabu chake cha kwanza kikachukua tuzo ya Hugo 2015, ile ya hadithi za sayansi na njozi. Watoto wa skuli hapa mtaani walimjua kwa jina, wakimwita Kamala tu, kama mtoto wa jirani.

Halafu mkamuua. Na wapi? Toleo la 26 la Spider-Man! Jarida la mtu mwengine, ambalo yeye mle alikuwa mpita njia tu, kapewa kazi kwenye kampuni ya Norman Osborn, adui wa zamani wa Spider-Man, mara anajigeuza sura ya Mary Jane, yule aliyependwa na Spider-Man, anadungwa badala yake, basi kwisha, Peter Parker, ndo Spider-Man mwenyewe, analia. Jamani hata sura aliyodungwa nayo si yake. Na habari mkazitangaza wenyewe kabla jarida halijatoka, msomaji kakaa anasubiri kifo tu.

Msinambie mashujaa wote hufa. Superman wa wenzenu wa kampuni ya DC alikufa 1992, sawa, lakini alikufa kwenye jarida lake, anaulinda mji wake, na Doomsday, lile jitu lililomuua, nalo likaanguka. Nyie 1973 mlimuua Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, ili Peter apate huzuni, na miaka 50 baadae mkarudia vilevile kwa msichana mwengine, tena huyu ambaye wasichana wetu hawana wa kumweka badala yake. Mngekuwa na Kamala kumi ningenyamaza.

La kuniudhi zaidi, wala hamkukiamini hicho kifo. Julai mkatoa toleo la maombolezo, mwezi haujesha mkamfufua kwa X-Men, lile kundi la mashujaa mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, mkasema kumbe naye ni mutanti, sawa na ilivyodokezwa kwenye tamthilia yake ya 2022. Sasa mlimuua kwa ajili ya hadithi au mlitaka kumbadilisha tu afanane na wa kwenye televisheni? Kwetu msiba ni msiba, watu huweka matanga, husoma hitma, hauchezewi ili watu wanunue. Mtoto wa dada yangu alilia, wiki chache baadae namwambia karudi akanijibu "basi walikuwa wanatudanganya", na tokea hapo hataki kusoma tena.

Kumpa Iman Vellani, anayemuigiza, ashiriki kuandika baada ya kurudi, hilo zuri na nakushukuruni. Lakini matoleo 4, kisha mengine 4, ndo nini? Mpeni jarida la kudumu, na mrudisheni Jersey City kwa wazee wake na rafiki zake kina Nakia na Bruno, msimkokote kila siku nyuma ya X-Men. Na ikiwa siku moja lazima afe basi afe kwenye jarida lake, kwa jambo lake, na wazazi wake wapewe kurasa za kumlilia.

Nasubiri jibu, japo la mstari mmoja.

Wassalaam,
Msomaji wenu, Wete